Maswali yenu: masaa ya mashine sio kipimo cha maji

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia kwenye maji ya kumwagilia na nimefurahi kweli, maana hili ni jambo tunalolikumbuka kisima kikishakauka. Nimechagua sita. Zile ndefu nimezipunguza kidogo ila swali lenyewe sijaligusa.

SWALI: Salaam mtaalam. Nalima vitunguu eka moja kwa mifereji, udongo wangu tifutifu. Nawasha mashine masaa sita, naruka siku moja, tena masaa sita, hivyo hivyo mpaka siku 90. Jirani yangu mashine yake saizi ile ile lakini anawasha masaa matatu tu, na tumevuna sawa, kama tani nane kila mtu. Halafu vyangu huwa vinageuka njano mapema, nikiongeza urea vinarudi kidogo, baada ya muda njano tena. Mimi ndo nazidisha au yeye ana bahati?

JIBU: Ndugu yangu unazidisha, tena sana, chukua kalamu twende taratibu.

Hujaniambia mashine yako inatoa maji kiasi gani, na sikulaumu kwa sababu karibu kila anayeniandikia anataja masaa. Lakini saa moja ya mashine mpya na saa moja ya mashine iliyochoka sio kitu kimoja, na kisima kikishuka maji yanapungua wakati masaa yanabaki yale yale. Tafuta pipa la lita 200, liweke pale pale shambani paipu inapomwaga (sio kule kisimani, njiani kunavuja), washa saa ya simu uone linajaa kwa sekunde ngapi, rudia mara tatu uchukue wastani. Tuseme linajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita 5 kwa sekunde, lita 18,000 kwa saa, yani mita za ujazo 18. Masaa sita ni mita za ujazo 108 kila ukimwagilia.

Sasa tuibadilishe iwe kina cha maji, kama mvua inavyopimwa. Lita moja ikisambaa kwenye mita moja ya mraba inakaa milimita moja kamili. Eka ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo milimita moja kwa eka nzima ni mita za ujazo 4 na kidogo. Gawa 108 kwa hizo, unapata karibu milimita 27.

Je kitunguu kinataka ngapi? FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa mwaka 1998 chapisho lao namba 56 ambalo mpaka leo ndio msingi wa hesabu hizi duniani kote. Unaanza na kiasi ambacho jua, upepo, joto na ukavu wa hewa vinanyonya kutoka kwenye nyasi fupi za kijani zilizofunika ardhi, halafu unazidisha kwa namba ya zao lako. Kitunguu ni 0.7 kikiwa kichanga na 1.05 kikishajaza shamba. Tuchukue hewa inayonyonya milimita 5 kwa siku, wewe utaweka ya kwenu, kwenye baridi na mawingu inashuka na kwenye joto na upepo inapanda. Kitunguu kikubwa kitakunywa 5.25 kwa siku, siku mbili ni 10.5. Mifereji kwa wastani inafikisha kwenye mizizi asilimia 60 tu ya maji yaliyoingia, kwa hiyo ili zifike 10.5 inabidi umwage 17.5. Wewe unamwaga 27. Na hapo nimekuhesabia kitunguu kikubwa, kile kichanga kinataka 3.5 kwa siku, ukipita njia ile ile unaishia chini ya milimita 12, na bado unakipa 27!

Ila kuruka siku moja uko sawa kabisa, hapo usibadilishe. Mizizi ya kitunguu iko juujuu, mingi imekaa kwenye sentimita 30 za kwanza, na kinaumia mapema udongo ukianza kukauka kwa hiyo kinapenda kidogo kidogo mara kwa mara. Kosa lako liko kwenye kiasi. Baada ya siku mbili udongo ule umepungukiwa milimita kumi hivi, ukishazirudisha hizo kinachozidi kinashuka chini ya mizizi, na hakishuki peke yake, kinabeba naitrojeni ya urea yako. Ndio maana unaweka mbolea, kinachangamka, unamwagilia mara mbili tatu, njano inarudi. Umekuwa unanunua mbolea kulisha udongo wa chini ambako hakuna mzizi wa kuifuata.

Usiniamini mimi, amini koleo lako. Asubuhi baada ya siku ya kumwagilia chimba shimo kwenye tuta mpaka sentimita 60. Chukua udongo wa sentimita 20 ubinye kwenye kiganja, ukishikana bonge na kukuachia ubaridi wa maji mkononi bila kuchuruzika basi hapo pametosha. Halafu chota wa sentimita 50, kule kusiko na mizizi. Ukikuta umelowa kiasi kwamba ukiubinya maji yanatokeza kati ya vidole, hayo ndio masaa yako ya ziada.

Kwa mashine ya mfano wetu kitunguu kikubwa kingetosheka na kama masaa manne, kichanga mawili na nusu. Jirani yako anaweka matatu muda wote, mwanzoni anazidisha kidogo, mwishoni anapunja kidogo, na bila shaka mifereji yake ni mifupi au imesawazishwa vizuri, nenda ukaiangalie. Mfereji mrefu una shida moja, wakati maji hayajafika mwisho kule mwanzo panaendelea kunywa tu. Shuka nusu saa nusu saa huku unachimba shimo kila unapopunguza, usikate yote siku moja.

Namba ya mwisho naomba uiandike ukutani. Wewe umemwagilia mara 45, kila mara mita za ujazo 108, jumla ni mita za ujazo 4,860 kwa tani nane, sawa na kilo 1.65 kwa kila mita ya ujazo. Kama mashine ya jirani inatoa maji sawa na yako, yeye katumia 2,430, kapata kilo 3.3. Hiyo inaitwa tija ya maji.

SWALI: Shikamoo mtaalam. Mimi na mume wangu tuliweka dripu, ile mipira inayodondosha maji tone tone kwenye mimea, tukaambiwa itaokoa karibu nusu ya maji. Kweli eka yetu moja ikatumia kidogo, maji yaliyobaki tukaongezea eka ya pili. Mita ya mashine inasoma vile vile kama zamani, hatujazidisha hata tone. Lakini sasa kisima kinashuka kuliko enzi za mifereji na wenzetu wa bondeni wanasema kijito kimepungua wanatutupia lawama. Tumekosea nini?

JIBU: Marahaba dada. Hili ndilo swali zito kuliko yote na nakushukuru kwa kusema ukweli wote pamoja na ule wa wenzenu wa bondeni.

Maji yakitoka kwenye mashine yana njia tatu. Kuna yanayopita ndani ya mmea na kutokea kwenye majani kama mvuke, hayo ndio yanayokuletea mavuno. Kuna yanayopanda hewani kutoka kwenye udongo uliolowa, hayo yamepotea na hayajakupa chochote. Na kuna yanayozama au kutiririka nje ya shamba. Hayo ya tatu tunayaita hasara, na kwa mfuko wako ni hasara kweli maana uliyavuta kwa mafuta au umeme, lakini kwa bonde zima mara nyingi hayajapotea, yanarudi chini kwenye kisima chako mwenyewe au yanatokea kwenye kijito cha mwenzako.

Weka namba za mfano. Zamani mlivuta 100, mimea na udongo vikapeleka hewani 60, 40 zikarudi ardhini. Sasa mnavuta 100 ile ile, ila dripu inafikisha 90 kwenye mizizi ya eka mbili, mimea inazinywa zote, zinarudi 10. Mita inasoma 100 mwaka jana na 100 mwaka huu, lakini ardhi ya chini zamani ilikuwa inapungukiwa 60 na sasa inapungukiwa 90. Zile 30 za tofauti ndio kisima kinachoshuka na ndio kijito cha bondeni. Kwa hiyo wenzenu hawawaonei wivu wa mavuno, wanachokiona ni kweli.

Sio nyinyi tu mmeingia hapa. Watafiti Ward na Pulido-Velazquez waliliandika mwaka 2008, na mwaka 2018 Grafton na wenzake wakalirudia kwenye jarida la Science, kwamba kumpa mkulima teknolojia ya kuokoa maji bila kuweka kikomo cha maji mara nyingi kunaongeza maji yanayoliwa, kwa sababu yale yaliyookolewa yanapelekwa kwenye shamba jipya au zao linalokunywa zaidi. Jevons, mchumi wa Uingereza, aliliona jambo la namna hiyo kwenye makaa ya mawe tangu 1865. Mimi naumia kila nikisikia dripu inauzwa kwa neno moja tu, kuokoa, bila mtu kuuliza kuokoa kwa ajili ya nani.

Msing'oe dripu. Inawapa mavuno mazuri, mbolea inafika pale pale, magugu yanapungua kwa sababu katikati ya mistari pakavu. Na kuna mahali ambapo hata yale yanayozama yakiokolewa ni faida ya kweli, mfano pale yanapozama kwenye maji ya chini yenye chumvi ambayo hakuna awezaye kuyatumia tena. Kwenu sivyo.

Ningekuwa mimi ningefunga kamba yenye uzito nikawa napima kina cha kisima kila wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kuwasha, naandika kwenye daftari. Kisha ningekaa na watu wa bondeni na lile daftari. Kikomo cha kukubaliana kiwe ni ukubwa wa eneo linalomwagiliwa, sio masaa na sio mita peke yake, maana mmeona wenyewe mita inavyoweza kusoma sawa huku kisima kinaisha. Na ile njia ya pili, maji yanayopanda kutoka kwenye udongo mtupu, ipigeni vita kwa nguvu zote: nyasi kavu au masalia ya mazao juu ya udongo, mpira wa dripu upite chini yake, magugu yasikue, na zao likikomaa maji yafungwe siku hiyo hiyo. Tone mnalolizuia hapo ni akiba ya kweli, ya kwenu na ya bondeni pia.

SWALI: Nimeambiwa nikimwagilia saa saba mchana matone yanageuka kioo yanaunguza majani. Kweli?

JIBU: Kwa mazao mengi ya shambani hapana. Tatizo la mchana kwa anayerushia maji juu ni kwamba jua na upepo vinachukua sehemu yake kabla hayajagusa udongo, na upepo unayatawanya vibaya. Asubuhi na mapema ni bora. Ila kama maji yako yana chumvi chumvi hapo majani yanaweza kuungua kweli, tone linakauka chumvi inabaki juu ya jani, kwa hiyo yapeleke chini kwenye udongo. Wa mifereji na dripu wala hana haja ya kuogopa mchana.

SWALI: Mtaalam, nimeona mahali kwamba mita moja ya ujazo inatoa kilo 1.8 za mahindi lakini mpunga na ngano 1.09 tu na pamba 0.23. Mimi ni mtu wa pamba, ina maana nachezea maji?

JIBU: Hapana ndugu. Namba hizo ni za watafiti Zwart na Bastiaanssen, mwaka 2004 walikusanya vipimo kutoka maandiko 84 duniani na hizo ni wastani wake. Cha kwanza, maji yanayohesabiwa pale ni yale yaliyopanda hewani tu, sio yaliyotoka kwenye mashine, usilinganishe na hesabu ya mtu wa vitunguu hapo juu. Cha pili, ile 0.23 ni nyuzi peke yake, ukipima pamba na mbegu zake inafika 0.65. Na kilo ya nyuzi na kilo ya mahindi hazibadilishani, moja unavaa nyingine unakula. Mahindi pia yameumbwa na namna yake ya kukusanya hewa ya ukaa inayoyawezesha kubana vitundu vya majani, mvuke kidogo unatoka na chakula bado kinatengenezwa, hiyo hakuna utunzaji utakaoipa pamba.

Mimi kilichonigusa kwenye kazi ile ni upana. Mahindi kwa mahindi walikuta kutoka 1.1 mpaka 2.7, ngano kutoka 0.6 mpaka 1.7. Zao lile lile, mtu mmoja anapata zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Jilinganishe na mtu mwingine wa pamba.

SWALI: Habari. Bwawa langu lina maji ya kumwagilia mahindi yote mara tatu tu baada ya mvua kukata, na mahindi sasa yako kwenye magoti. Nigawe sawasawa au vipi?

JIBU: Usigawe sawasawa, tafadhali. FAO kwenye chapisho namba 33 la 1979 waliweka namba ya maumivu kwa kila hatua ya zao. Mahindi wakati wa kukua majani ni 0.4, wakati wa maua 1.5, wakati wa kujaza punje 0.5, wakati wa kukauka 0.2. Maana yake yakikosa asilimia 20 ya maji yanayohitaji kipindi cha majani utapoteza asilimia 8 ya mavuno, yakikosa hiyo hiyo 20 kipindi cha maua unapoteza 30. Maji yale yale!

Nenda siku za maua uangalie hindi moja kwa karibu. Zile ndevu zinazochomoza, kila uzi umeshikana na punje moja kule ndani, uzi ukipata unga wa mbelewele punje inatunga, ukikosa panabaki kibogoyo. Mmea wenye kiu unachelewesha ndevu wakati mbelewele inaendelea kumwaga unga wake kwa ratiba yake, ndevu zikija kutoka unga umeshaisha, na hata zikitoka kwa wakati joto na ukame vinazikausha. Mvua ikinyesha wiki mbili baadaye majani yatapendeza lakini punje haitatunga tena.

Kwa hiyo vumilia majani yajikunje mchana mahindi yakiwa magotini, mradi yanafunguka jioni na asubuhi. Maji ya kwanza yatoe mbelewele inapokaribia kuchomoza, ya pili ndevu zikiwa mbichi, ya tatu punje zikianza kujaa maziwa. Na kama hata hayo hayatoshi, punguza eneo. Namba ya mahindi kwa msimu mzima ni 1.25, imepita moja, yani yanapunguza mavuno haraka kuliko unavyopunguza maji, kwa hiyo nusu shamba lililoshiba litakupa kuliko shamba zima lenye kiu. Mtama ni 0.9, huo unaweza kuutandazia maji kidogo kwenye eneo kubwa ukavumilia.

SWALI: Sisi wa mpunga tumezoea majaruba yajae muda wote, mkikausha wazee wanasema mpunga utakasirika. Kuna njia ya kupunguza bila kupoteza mavuno?

JIBU: Ipo, na wazee wana sababu yao, maji yaliyosimama yanazuia magugu na hilo ni jambo kubwa. Lakini mpunga hauhitaji kuyaona maji juu muda wote, unahitaji mizizi yake iyafikie. Watu wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, wameieneza njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu. Kata paipu yenye urefu wa sentimita 30, upana wa 10 mpaka 15, itoboe matundu pande zote nusu ya chini, izamishe sentimita 15 na nyingine zibaki juu, kisha toa tope lote la ndani mpaka uone chini. Acha wiki moja mbili zipite tangu kupandikiza, kama magugu ni mengi subiri zaidi. Jaza maji kama sentimita 5, halafu acha yashuke. Juu patakauka, patapasuka kidogo, moyo utakudunda, chungulia kwenye paipu: maji bado yapo na mizizi inayafikia. Yakifika sentimita 15 chini ya uso wa udongo jaza tena.

Kwa njia hii maji ya kuingiza shambani yanaweza kupungua mpaka asilimia 30 bila mavuno kuguswa, na gesi ya methane inayotoka kwenye tope lisilopata hewa inashuka kwa karibu nusu. Ila kumbuka jibu la yule dada wa dripu, sehemu kubwa ya unachopunguza ni maji yaliyokuwa yanazama, kwa hiyo kabla ya kuyapeleka kwenye jaruba jipya tembea kwanza uone yalikuwa yanatokea kwa nani.

Na wiki moja kabla ya maua mpaka wiki moja baada yake, usikaushe. Rudisha sentimita 5 ziwe juu siku zote hizo, paipu iache ipumzike.